Makuruta wa Mjomba

Katika jengo letu ni watu watatu tu wanaoweza kuhesabu damu kwa macho, na aliye bora kati yao ni mimi. Usiniambie najisifu. Najisifu, ndiyo, lakini nina haki. Mashine yetu ni hodari damu inapokuwa tele. Damu ikipungua sana, mashine bado inajua kuhesabu vichwa, ila sura haizitambui. Hubahatisha kama mwanafunzi asiyesoma. Hapo ndipo tunapoitwa sisi: mimi, Miwani, na Mama Friji mwenyewe.

Miwani ni fundi wa maabara aliyenitangulia kazini kwa miaka ishirini. Ana vioo vinene puani na sauti ya mtu anayeongea huku akitafuna. Ananiita Mheshimiwa, na si kwa heshima.

Mama Friji ndiye mkuu wetu, daktari mtafiti. Ni mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, ana miaka hamsini na sita na anapanda ngazi mbilimbili. Jina hilo alipewa na manesi kwa ajili ya friji iliyo kwenye kona ya maabara, nyeupe, ya kimo changu, yenye kufuli. Mlangoni ameandika kwa kalamu nene: SI YA CHAKULA. SI YA MAJI. SI YA KITU CHAKO CHOCHOTE. Joto lake ni nyuzi nne, na kila saa mmoja wetu huandika kwenye karatasi kwamba bado ni nyuzi nne. Siku moja mkurugenzi wa hospitali alipita na wageni, akaikuta wazi, akaweka humo chupa yake ya maji. Mama Friji aliitoa mbele ya wageni wote, akampa mkononi taratibu, kama mama anayemrudishia mtoto kiatu alichokisahau kwa jirani. Mkurugenzi akasema asante.

Friji hiyo ndiyo utafiti wetu. Kuna saratani ya tezi, inayoanza na uvimbe shingoni au kwapani, mtu akadhani ni jipu. Wengi hupona kwa dawa za kwanza. Ugonjwa ukirudi, unahitaji kipigo kikubwa zaidi, dawa kali kiasi kwamba inaua saratani na kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa pamoja nayo. Kwa hiyo kabla ya kipigo tunamchota mgonjwa seli mama za damu yake mwenyewe, zile zinazoitwa seli shina, tunaziweka pembeni, anapewa dawa, kisha tunamrudishia. Zinaingia kwa mshipa tu, kama maji ya dripu. Zikishaingia, zenyewe, bila kuonyeshwa njia na mtu, zinarudi mifupani na kuanza kazi upya. Nimeyasoma haya mara mia na bado nywele zinanisimama.

Kwingine seli hizo hugandishwa kwenye mitungi ya baridi kali kupita kiasi. Sisi mitungi hiyo hatuna. Wengine walipoishia kulalamika, Mama Friji aliuliza swali ambalo hata mtoto angeuliza: kwani lazima zigande? Mfuko ukikaa siku mbili tatu kwenye friji ya kawaida, na dawa ikamalizika ndani ya siku hizo, kuna ubaya gani?

Kamati ya utafiti ilimpa wagonjwa ishirini wa kujibu swali lake, na masharti yasiyo na mjadala. Siku seli zinaporudishwa mwilini inaitwa siku sifuri. Kufikia siku ya kumi na nne, askari wa damu, zile seli nyeupe zinazopigana na vijidudu, wawe wamefika mia tano katika kitone kimoja na kubaki hapo au zaidi kwa siku tatu mfululizo. Wagonjwa watatu wakishindwa sharti hilo, utafiti unafungwa na friji inarudi kuwa friji.

Wagonjwa kumi na tisa walikuwa wameshapita. Wawili walichelewa. Walipona na sasa wananenepa, lakini walichelewa, na kuchelewa kumeandikwa. Nyuma yao kulikuwa na watu sita kwenye orodha wakingoja kuona kama mlango utabaki wazi; wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu aliyepiga simu kila Jumatatu kutuuliza tumefikia wangapi.

Mgonjwa wa ishirini alikuwa mjomba wangu.

Mjomba ni mdogo wake mama, na ni kinyozi. Tangu nikiwa na miaka mitatu, nikikalishwa juu ya ubao uliolazwa kwenye mikono ya kiti, sijawahi kunyolewa na mkono mwingine. Alipoanza kuumwa niliapa kwamba kichwa changu hakitaguswa hadi yeye mwenyewe ashike mashine. Miezi ikapita. Kofia ya maabara ikawa inakaa juu ya nywele zangu kama kifuniko juu ya chungu kinachochemka. Nilikuwa nazipenda, nisiseme uongo. Nikipita kwenye vioo vya madirisha nilikuwa nageuka kujitazama.

"Mheshimiwa," Miwani aliniuliza siku moja, "hicho kichaka kina wanyama au ni miti mitupu?"

"Wivu tu, mzee. Wewe zako zilihama bila kuaga."

Mjomba alipopokelewa tu, nilimwandikia Mama Friji barua nikisema mgonjwa huyu ni ndugu yangu wa damu na ninajitoa kwenye hesabu yake. Niliiona ni barua ya kiume sana. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akanirudishia.

"Ukijitoa nabaki na Miwani na mimi," alisema. "Miwani akihesabu peke yake, nani atamsahihisha? Mimi? Mimi ndiye ninayeitaka namba hii nzuri kuliko mtu yeyote humu. Utahesabu. Ila hutajua unahesabu ya nani."

"Daktari, hata nikijua, mimi simpendelei mtu. Hata awe mama yangu mzazi."

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi," alisema, akaniacha nimesimama hapo na barua yangu.

Utaratibu ukawa hivi. Kila asubuhi zinakuja slaidi sita, vipande vya kioo vilivyopakwa damu, zenye namba tu, zimechanganywa: ya mjomba, za wagonjwa wengine, na za wafanyakazi waliojitolea tone la damu. Mimi na Miwani tunakaa tumepeana mgongo, kila mtu na hadubini yake na kile kidude cha kuhesabia chenye vitufe, kinacholia kengele ukifika mia. Hakuna kuongea. Ukimaliza, karatasi yako inaingia kwenye kopo la zamani la biskuti. Mama Friji analifungua saa sita mchana. Tukitofautiana kwa zaidi ya kumi katika mia, tunarudia wote wawili.

Lakini kumficha mjomba ilikuwa kazi bure. Kati ya slaidi sita, moja ilikuwa jangwa. Unatembea na lenzi kushoto, kulia, juu, chini, unakutana na chembe nyekundu tu, na ile nyeupe ukiipata unataka kuipigia saluti. Nani mwingine angekuwa?

Sura tunazozitafuta tumezipa majina yetu. Askari ni seli nyeupe iliyokomaa. Kiini chake kimekatika vipande vitatu vinne, kama shanga kwenye uzi. Hao ndio wanaopigana na vijidudu. Kuruta ni askari aliyetoka mafunzoni jana: kiini hakijakatika, kimepinda kama herufi U. Mtoto ni mdogo zaidi. Kiini kimebonyea kidogo tu, kama haragwe. Kitabu cha utafiti, ukurasa wa kumi na nne, kinasema waziwazi: askari na makuruta wanahesabiwa pamoja, watoto hawahesabiwi. Kusema ni rahisi. Kwenye hadubini hakuna aliyevaa beji. Kuna haragwe linalokaribia kuwa U, na kuna U nene inayofanana na haragwe, na hapo ndipo jicho linapolipwa mshahara.

Siku ya tatu, ya nne, ya tano, seli zilikuwa zinashuka. Siku ya saba sikupata hata moja. Mama alikuwa ananipigia simu kila saa ya chakula.

"Mwanangu, mdogo wangu ana ngapi leo?"

"Mama, siruhusiwi kusema."

"Nimekuzaa mimi."

"Najua, mama. Hata hivyo siruhusiwi."

"Basi kohoa. Kohoa mara moja kama ni nzuri, mara mbili kama ni mbaya."

Nilikuwa nabana pumzi kabisa, maana siku hizo nilikuwa na mafua kidogo na sikutaka kuleta balaa.

Jioni, kabla ya kuondoka, nilikuwa napita kwenye chumba cha mjomba. Chumba kina milango miwili na dirisha kubwa la kioo upande wa korido. Dawa ilikuwa imemchubua mdomo na koo, kwa hiyo hakuweza kuongea. Alikuwa anaandika nyuma ya karatasi za joto la mwili na kuzibandika kwenye kioo. Karatasi ya kwanza ilisema: HIZO NYWELE NI AIBU KWA UKOO. Ya pili: NANI AMEKUFUNGA MTO KICHWANI? Yeye mwenyewe alikuwa kipara, hata nyusi hana. Akiona nimecheka, alikuwa anatikisa mabega kwa kicheko kisicho na sauti, na mkono umeshika shavu kwa maumivu.

Siku ya tisa nikakuta askari mmoja. Siku ya kumi, saba. Siku ya kumi na moja mashine ilihesabu seli nyeupe mia nne, zaidi ya nusu wakiwa wa aina nyingine. Hesabu ilikuwa wazi kwa kila mtu: siku tatu mfululizo zinazoishia siku ya kumi na nne lazima zianze siku ya kumi na mbili. Kesho yake askari wafike mia tano, au mgonjwa wa tatu ameshindwa na mlango umefungwa.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili nilipita dirishani kabla ya kwenda maabara. Mjomba alikuwa ameshaamka, amekaa kitandani, na karatasi ilikuwa tayari kwenye kioo. Aliandika shairi, yule mzee:

Mpwa nambie haraka, wamefika askari?
Kichwa kinametameka, kama taa za magari,
Chumba nimeshakichoka, na mkasi u tayari,
Mia tano wakifika, nawanyoa kwa fahari.

Mizani imekaa sawa, vina vya kati na vya mwisho, na mtu hajaweza kumeza uji kwa siku sita! Nilimpigia makofi hadi nesi akanifukuza kwenye korido.

Nikakaa kwenye hadubini. Slaidi ya kwanza, ya mtu mzima mwenye afya. Ya pili, ya tatu vivyo hivyo. Ya nne ikawa lile jangwa. Ila safari hii lilikuwa na watu. Mashine ilikuwa imehesabu vichwa mia tisa vya seli nyeupe. Hapo ndipo nilipojiambia maneno ambayo nilidhani ni ya heshima: Angalia sasa. Huyu ni mjomba wako. Watu wakisikia namba imepanda siku ileile iliyotakiwa, na mpwa ndiye aliyehesabu, watasema nini? Uwe mkali. Uwe mkali kuliko siku zote.

Basi nikawa mkali. Aliyekomaa kabisa, mwenye shanga zake zimehesabika, huyo nilimpokea. Aliyepinda kama U nilimtazama kama askari wa getini anavyotazama kitambulisho kilicholowa maji. Huyu ana unene kidogo hapa: mtoto. Huyu ukingo wake haujanyooka: mtoto. Huyu... mtoto. Kitufe cha watoto kililia kama mvua kwenye bati. Kengele ilipogonga mia, askari na makuruta kwa pamoja walikuwa thelathini na wanane. Thelathini na wanane katika mia, kwa vichwa mia tisa, ni mia tatu arobaini na mbili.

Nikaandika 38. Roho iliniuma, lakini chini ya maumivu hayo palikuwa na kitu kitamu, na sasa nakijua jina lake: nilikuwa najipongeza.

Saa sita Mama Friji alifungua kopo. Slaidi tano tulilingana. Alipofika ya nne, alitazama karatasi yangu, akatazama ya Miwani, akaziweka mezani bega kwa bega.

"Thelathini na nane," alisema. "Sitini na moja."

Miwani aligeuka kwenye kiti chake. "Sitini na moja ni yangu."

"Basi umehesabu kwa moyo, mzee," nilimwambia. "Mimi nimehesabu kwa macho."

"Macho yapi? Yale yanayojitazama madirishani?"

"Nyamazeni," alisema Mama Friji. Hakupandisha sauti. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, na kucha zake zilikuwa zimepauka. Mia tatu arobaini na mbili au mia tano arobaini na tisa: upande mmoja utafiti wake wa miaka minne na watu sita kwenye orodha, upande wa pili kaburi la friji. Ningekuwa mimi, ningeinama kwenye hadubini saa hiyohiyo. Yeye hakuigusa hata slaidi.

"Sitaki kujua nani yuko sahihi," alisema. "Mtarudia kwenye slaidi mpya ya tone lilelile. Lakini kwanza, wewe," akaninyooshea kidole, "niletee daftari lako."

Daftari langu nalijivunia. Kila siku huwa nachora seli tatu nne zilizonisumbua, kwa penseli, na kuandika chini nilivyoamua. Alifungua nyuma, mwezi uliopita, mgonjwa wa kumi na saba. Akaweka kidole kwenye mchoro. Kiini kilichopinda kama U, kinene upande mmoja. Chini nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: *Kuruta. Anahesabiwa.*

Akafungua ukurasa wa leo. Kiini kilichopinda kama U, kinene upande mmoja. Chini: *Mtoto. Hahesabiwi.*

"Nieleze tofauti," alisema.

Nilitazama. Nilitazama kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kusema. Ningeweza kuvikata vile vichoro viwili kwa mkasi na kuvipandanisha.

"Hakuna tofauti," nilisema.

"Ipo. Huyu ni mtu usiyemjua. Huyu ni nani?"

Miwani alikuwa anafuta miwani yake, ambayo haikuwa na uchafu wowote.

"Ulikuwa unamwogopa nani?"

"Watu, Daktari. Watakaosema nimempendelea mjomba wangu."

"Kwa hiyo ukamwonea mjomba wako, ili watu wakusifu wewe." Alifunga daftari. "Sikiliza, baba. Nimefanya kazi hii miaka thelathini. Anayeongeza ananidanganya. Anayepunguza naye ananidanganya, ila yeye juu ya uongo wake anataka na pongezi. Sikukuomba uwe mkali. Sikukuomba uwe mpole. Nilikuomba uone. Soma ukurasa wa kumi na nne, kwa sauti, halafu ukae."

Nikausoma kwa sauti, mbele ya Miwani, kama mtoto wa darasa la pili. Askari na makuruta wanahesabiwa pamoja. Halafu nikakaa.

Sikumhesabu mjomba safari hii. Nasema kweli. Nilijilazimisha kuuliza swali moja tu kwa kila sura iliyopita: wewe umepinda au umebonyea? Aliyepinda, karibu. Aliyebonyea, rudi kesho. Kuna wawili niliwakataa ambao kila mshipa wa mwili wangu ulitaka kuwapokea, na kuna mmoja nilimpokea niliyekuwa namwonea aibu. Jasho lilinitoka chini ya kile kichaka likaingia machoni. Nyuma yangu kidude cha Miwani kilikuwa kinabonyezwa polepole, tik, tik. Kengele yake ililia kabla ya yangu.

Mama Friji alipokea karatasi mbili mkono kwa mkono.

"Hamsini na tisa," alisema, akimtazama Miwani. Kisha yangu. "Hamsini na saba."

Wastani hamsini na nane. Kwa vichwa mia tisa.

"Mia tano ishirini na mbili," alisema Miwani kabla hatujamaliza kuzidisha. Mama Friji aliandika namba kwenye kitabu, akaweka saini, akasukuma kalamu kwangu niweke yangu. Kisha akaenda mbele ya friji yake, akaegemeza paji la uso kwenye mlango, juu kabisa ya maneno SI YA KITU CHAKO CHOCHOTE, akakaa hivyo kama dakika nzima. Tulijifanya tunapanga slaidi.

"Siku moja bado si siku tatu," alisema alipogeuka. Lakini alikuwa anatabasamu.

Siku ya kumi na tatu sikuhitaji kutembea jangwani. Nilipoweka tu jicho, walikuwa wamejaa kila upande, askari, makuruta, watoto nyuma yao, kama shule iliyofunguliwa mlango. Askari elfu moja. Siku ya kumi na nne, elfu moja mia tisa. Kidude changu kilipolia mia, Miwani, kinyume cha utaratibu wote, alinipiga konzi ya mgongo bila kugeuka.

Saa sita na dakika tano, namba zikiwa zimesainiwa, nikampigia simu mama. Sikusema neno. Nilikohoa mara moja, koho kubwa, la kifua kizima. Nilichosikia upande wa pili ni sufuria kuanguka na vigelegele, kisha vigelegele vya jirani ambaye hata hakujua sababu.

Mlango wa ndani wa chumba ulifunguliwa mchana huo. Mjomba alitoka kwa miguu yake, amevaa barakoa, na dripu yake ikiburuzwa pembeni kama mbuzi mkaidi. Koo lilikuwa limeanza kupona. Sauti ilitoka kama ya redio inayoishiwa betri.

"Daktari, wamefika?"

"Wamefika, mzee. Siku tatu."

"Sasa ile orodha ya watu sita?"

"Wa kwanza anaingia chumba hiki kamati ikishasaini. Tena uniachie kikiwa safi."

Mjomba alitaka kucheka, akashika shavu. Miwani, ambaye ulimi wake haujui likizo, akasogea.

"Lakini nusura uchelewe, mzee mwenzangu. Mpwa wako huyu alikunyima makuruta."

"Alininyima?"

"Alikupunguzia. Ishirini na tatu katika mia, ukilinganisha na yangu. Eti asionekane anakupendelea."

Mjomba aligeuka taratibu, dripu nayo ikageuka, akanitazama juu mpaka chini na kurudi juu, akaishia kwenye nywele.

"Wewe," alisema, "ngoja niipate mashine yangu."

Duka alilifungua siku ya tisini na moja. Mama Friji alikuwa amemruhusu kwa masharti: barakoa, madirisha wazi, mteja mmoja mmoja, na akichoka akae. Kamati ilikuwa imeshasaini, na yule mwalimu wa hesabu alikuwa ndani ya chumba chenye milango miwili. Miwani alikuwa zamu siku hiyo. Mama alikuja na kigoda chake kabisa, akakaa mlangoni kama mtu aliyelipia tiketi.

Mimi ndiye niliyekuwa mteja wa kwanza. Nilikaa kwenye kile kiti, mjomba akanifunga shuka shingoni. Kwenye kioo nilimwona nyuma yangu. Nyusi zilikuwa zimerudi, na kichwani palikuwa na kivuli chepesi cha nywele mpya, laini kama za mtoto mchanga.

"Naona umeota, mjomba."

"Nimeota kidogo. Wewe si mtaalamu? Hebu zihesabu."

"Zote?"

"Zote. Hata changa."

Mama alicheka hadi kigoda kikalia. Mjomba akawasha mashine, akaipitisha kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, mstari mmoja mrefu, na nusu kilo ya fahari yangu ikaanguka sakafuni. Mkono ulikuwa uleule. Hautikisiki, hauna haraka, kidole gumba kimeshika sikio kulikunja kama miaka yote. Nilifumba macho. Mstari wa pili, wa tatu. Alikuwa amemaliza upande wote wa kulia simu yangu ilipolia.

Alikuwa Miwani. "Mheshimiwa, slaidi zimefika. Kuna moja ni jangwa lenye watu. Mama Friji anakutaka hapa sasa hivi, damu haingoji."

Siku ya kumi na mbili ya mwalimu. Nilikuwa nimezihesabu siku hizo kwa vidole kama mama mjamzito.

"Mjomba, nimalizie haraka, dakika tano tu."

Mjomba alizima mashine. Akaiweka mezani, akapuliza nywele kwenye ukosi wangu, akafungua shuka.

"Nenda."

"Hivi hivi? Nusu?"

"Ulinihesabu nusu, nimekunyoa nusu. Ukirudi umemhesabu huyo mwalimu wote, nami nitakunyoa wote."

"Dada mkubwa, mwambie!" nilimgeukia mama kwa jina ambalo mjomba tu humwitia, kwa kuchanganyikiwa.

"Sisi mambo ya kitaalamu hatuyaingilii," alisema mama, akipangusa machozi ya kicheko. "Kimbia, mwanangu. Mtu anangoja."

Nikakimbia. Nilipita mbele ya maduka yale yale ninayojitazamia kwenye vioo, kulia kipara, kushoto kichaka. Muuza magazeti alisahau chenji mkononi. Watoto wa shule walisimama na kuniimbia. Nami, sijui ni kwa nini, nilinyanyua kichwa juu zaidi kuliko siku zote. Nilikuwa nimenyolewa na mjomba wangu. Nani mwingine mtaani pale angeweza kusema hivyo?

Nilipoingia maabara, Miwani alivua miwani, akaivaa tena, akageukia ukutani na mabega yakaanza kutikisika. Mama Friji alitazama upande mmoja, akatazama wa pili.

"Sitauliza," alisema. "Kaa."

Nikakaa. Nikaweka jicho, nikazungusha lenzi hadi ukungu ukatoka. Wa kwanza kupita alikuwa na kiini kilichopinda kama U, kinene kidogo upande mmoja. Nikamtazama vizuri.

Kisha nikabonyeza kitufe cha makuruta.